Mahema ya Ngarenaro

Ngarenaro, Arusha
9 Machi, 1997

Kaka Muzammil,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Arafa na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Magoti yanamsumbua asubuhi za baridi, lakini jua likishapanda anatoka mwenyewe mpaka kwa muuza maziwa, na akirudi ana habari za mtaa mzima. Amesema nikuandikie hivi hivi alivyotamka: "Mwambie mwanangu mimi bado nipo, asije akafikiri barua zinasomwa na kuta."

Mvua za masika zimeanza kunukia tu. Mlima hatujauona wiki nzima, umejifunika.

Kaka, kiwanda kimefungwa. Najua habari umeshazisikia kwa watu wa mabasi, lakini nimetaka uzipate kwangu. Ulipoondoka wewe, nusu ya mashine zilikuwa bado zinazunguka. Mwaka jana zikabaki chache, na mashuka tuliyokuwa tunapinda yakawa yanarundikana stoo, maana watu siku hizi wananunua mitumba. Jumatatu iliyopita tumefika tukakuta geti lina mnyororo mpya, na karani amesimama nje anasoma tangazo kwa sauti ndogo kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Tulisimama tu pale barabarani na vibakuli vyetu vya chakula mkononi.

Unamkumbuka Nashipae, yule Mwarusha wa Olmotonyi aliyekuwa mashine ya pembeni yangu? Akaniuliza, "Sasa tunaelekea wapi?" Nikamwambia nyumbani. Akasema, "Nyumbani ni kwa kulala. Mimi nauliza kazi."

Mafao yote hawakuweza kuyatoa, kwa hiyo aliyekubali alipewa vitu. Wengine wamechukua meza, wengine mabati. Mimi na Nashipae tumechukua cherehani mbili, zile nzito zilizokuwa zinashona maturubai ya malori ya kiwanda. Tumezileta kwa mkokoteni. Ziko sebuleni kwa Mama, na Mama amezitandikia vitambaa vya kufuma kama ni makochi.

Usiwe na wasiwasi juu yetu.

Mdogo wako,
Swabaha


Mwanza
4 Aprili, 1997

Mdogo wangu Swabaha,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipokea. Sisi ni wazima. Wifi yako anakusalimu sana, na watoto wamekua. Mkubwa amenipita mabega. Ziwa mwaka huu lina samaki mpaka paka wanachagua.

Habari za kiwanda zimeniumiza. Ile mitambo tuliifunga mimi na wenzangu tukiwa vijana, na Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anasema mji wenye king'ora cha kiwanda ni mji wenye baba mwenye nyumba. Sasa nisikilize. Kiwanda cha huku bado kinafanya kazi. Nimezungumza na mnyapara wa idara ya ushonaji, anasema mtu aliyepitia Arusha atampokea. Uza hizo cherehani, funga nyumba, mchukue Mama mje. Vyumba vipo. Binti yako atapata shule.

Kushona maturubai mtaani si kazi ya kutegemewa na mtu mzima. Wewe ni mjane, na mimi ndiye niliyebaki mahali pa Baba. Arusha bila viwanda itakuwa kituo cha kushukia abiria wanaokwenda kwingine. Nani atakaa hapo?

Nijibu mapema ili mnyapara asichoke kusubiri. Mpe Mama shikamoo yangu.

Ndugu yako,
Muzammil


Ngarenaro, Arusha
20 Juni, 1997

Kaka Muzammil,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Hatuna ugonjwa wala msiba. Ummy wangu amefaulu mtihani wa nusu mwaka, na Mama amempikia maandazi ya kumpongeza, akayala mwenyewe mengi kuliko mpongezwaji. Baridi imekuwa kali. Asubuhi tunaamka na ukungu mpaka uani.

Nikupe habari za mji. Ukija leo utapotea. Njiro, kule tulikokuwa tunasema ni mashamba ya mahindi, kumejaa nyumba za kuta ndefu na mageti ya chuma. Wapo watu wa ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, wanapanga kila nyumba yenye tanki la maji. Kila siku magari meupe. Vijana wanajifunza Kifaransa kwa ajili ya kupata kazi ya udereva. Kampuni za watalii zimeota kila kona. Mtu akiwa na gari moja na simu tayari ana kampuni. Hata Nashipae anaona maajabu: shemeji yake aliyekuwa anachunga ng'ombe sasa anapandisha wageni Mlima Meru.

Na sisi tumepata kazi. Ilikuwa hivi. Tulianza na maturubai ya malori, na mabaki tukashona mikoba, Nashipae akaipeleka Tengeru siku ya soko. Huko akakutana na bwana mmoja anaitwa Reginald, Mchaga, ana kampuni ya kupeleka wageni mbugani. Aliugeuza ule mkoba, akavuta mshono kwa nguvu kama anataka kuupasua. Akauliza, "Aliyeshona hiki anaweza kushona hema?" Nashipae hajawahi kushona hema maishani mwake. Akamjibu, "Unataka mangapi?"

Basi ametuletea hema moja kuukuu kutoka nje ya nchi. Tumelifumua lote, kipande kwa kipande, tukalitandaza uani mpaka kuku wakakosa pa kukanyaga. Ni nyumba kabisa, kaka. Lina madirisha ya wavu, lina ukumbi wa kukaa mbele, lina mahali pa bafu. Anataka sita kwa ajili ya kambi yake ya Serengeti upande wa magharibi. Tumewaita na akina mama wengine wawili waliokuwa idara yetu. Sebule haitoshi, tumehamia kwenye banda la uani.

Kuhusu kuja Mwanza, Mama bado anafikiri.

Mdogo wako,
Swabaha


Mwanza
15 Septemba, 1997

Mdogo wangu Swabaha,

Salaam. Barua yako ya Juni imefika. Kalamu ameishika wifi yako kwa sababu macho yananisumbua siku hizi, daktari amesema nisisome wala kuandika kwa muda. Zaidi ya hapo ni wazima.

Ile nafasi ya hapa kiwandani imechukuliwa na mtu mwingine. Usihangaike tena kuhusu kuja. Kaa na Mama.

Kazi inaendelea. Msalimie Nashipae.

Muzammil


Ngarenaro, Arusha
21 Desemba, 1997

Kaka Muzammil,

Shikamoo. Nimeandika mwezi wa kumi, nimeandika tena wa kumi na moja, sijui kama zimefika. Watu wa posta wanasema reli imekatika na barabara zimekatika, hata magazeti ya Dar yanatufikia yameshazeeka. Mvua hizi wanazoziita El Niño hazijawahi kuonekana. Mto Themi umepanda mpaka watu wanakwenda kuutazama kama wanakwenda mpirani. Nyumba yetu iko salama, ila ukuta wa choo umeinama. Mama anaswali huku anasikiliza bati.

Macho yako yanaendeleaje? Daktari amesema ni kitu gani? Umepewa miwani? Hukuniambia hata ni jicho lipi.

Sisi tumepata mtihani. Mahema sita tuliyapeleka mwezi wa kumi, Reginald akafurahi, akaagiza mengine. Wiki tatu baadaye akaja mwenyewe, gari limejaa tope mpaka kwenye vioo. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, "Dada Swabaha, wageni wangu wamelala miguu ikiwa ndani ya maji. Mama mmoja mtu mzima amefunga mizigo yake, ameondoka. Mimi ningemwambia nini?"

Nilitaka kusema ni mvua za ajabu, kila mtu anajua. Nashipae akanikanyaga mguu. Akamwambia, "Turudishie yote. Usimpe mtu mwingine." Reginald akasema ana kambi moja tu na jina moja tu, na sisi tumevimwagia maji vyote viwili. Lakini akayarudisha.

Kaka, ile wiki nilikata tamaa. Nilikaa jikoni nikafikiri pengine ulisema kweli, mtu wa kiwanda akitolewa kiwandani ni kama sindano iliyotolewa kwenye mashine, inachoma tu, haishoni. Asubuhi Nashipae akafika na kibuyu cha loshoro kutoka kwao, ule uji wa mahindi na maziwa ya mgando, tukanywa, akasema, "Tulisimamishe hema moja hapa hapa, tuingie ndani, tuone maji yanapitia wapi." Tukalisimamisha uani. Mvua ilipokuja saa sita mchana tukaingia na vigoda vyetu, tukakaa tunatazama juu. Majirani walichungulia wakafikiri tumehamia. Mama naye akaja na mwavuli, akaingia, akakaa, akakataa kutoka. Anasema mle ndani mvua inasikika vizuri kuliko kwenye bati.

Maji hayakupita kwenye kitambaa. Yalikuwa yanafuata tundu za sindano, moja moja, kama siafu. Tulikuwa tumeshona kama tulivyozoea kushona mashuka: mshono mmoja, umelala juu. Sasa tunakunja mara mbili, kitambaa kinaumana na chenzake, tunashona mistari miwili, halafu tunasugua nta ya nyuki. Nta wanatupa jamaa za Nashipae wenye mizinga kule msituni. Tumeyashona upya yote sita. Tumekaa ndani ya kila moja mvua ikinyesha mpaka tukaridhika. Juzi Reginald ameyachukua. Hakusema asante, alisema, "Tutaona." Mimi nimeridhika na hiyo "tutaona."

Ramadhani inakaribia. Nijibu japo mistari miwili. Tafadhali, uandike wewe mwenyewe kama unaweza, Mama anapenda kuuona mkono wako.

Swabaha


Mwanza
10 Februari, 1998

Mdogo wangu Swabaha,

Salaam. Idd tumekula salama, na nyinyi nawatakia heri ingawa barua hii itafika Idd imesahaulika. Barua zako tatu zimefika siku moja, zimelowa, moja imebidi ianikwe kwenye kamba.

Nimefurahi kwa habari za mahema. Hilo la kukunja mshono ni sawa, hata mikanda ya mashine tulikuwa tunaiunga hivyo.

Macho yanaendelea vizuri. Usiulize tena habari za daktari, ni mambo madogo. Watoto wanasoma. Kazi ipo.

Mpe Mama shikamoo.

Muzammil

Wifi, macho ya kaka yako ni mazima. Ukipata nafasi njoo. Hajui kama nimeandika haya. — Arafa


Ngarenaro, Arusha
3 Mei, 1998

Kaka Muzammil,

Shikamoo. Nimefika salama kutoka kwenu. Mama alikuwa ananisubiri mlangoni, hakuniuliza habari za safari, aliuliza, "Umemwona?" Nikamwambia nimemwona. Akaniambia nikae nisimulie, nami nimesimulia yote, kwa sababu kumficha Mama ni kazi nisiyoiweza. Hakulia. Aliuliza tu kama unaweza kushika tonge. Nikamwambia unashika kwa mkono wa kushoto na wifi hasemi kitu. Akasema, "Wifi yako ana adabu." Halafu akaenda kutawadha.

Nilipokuwa kwenu sikupata namna ya kuzungumza, watu walikuwa wanaingia na kutoka. Na wewe ulikuwa unanitembeza kama mgeni wa serikali, ziwani, sokoni, msikitini, ili mradi tusikae. Kwa hiyo nakuandikia.

Hukuniuliza nilifikaje. Nilifika kwa lori la Reginald. Lilikuwa linapeleka mahema mapya kambini, na mimi nikaomba nipande nikayatazame yale ya kwanza. Sijawahi kuvuka Ngorongoro maisha yangu yote, kaka, nimezaliwa Arusha na nimezeeka nasikia tu. Tulipofika kambini nilikwenda moja kwa moja kwenye mahema yangu, nikapiga magoti, nikapapasa sakafu kwenye pembe. Pakavu. Wageni walikuwa wanakunywa chai pembeni wananitazama, pengine walifikiri ninaswali. Kutoka hapo dereva akanifikisha mpaka barabara ya Lamadi, nikapanda basi la kuja kwenu.

Uliponifungulia mlango uliutoa mkono wa kushoto kunipokea, wa kulia ukauacha ndani ya mfuko wa kanzu. Nikajua kabla hujasema. Kupoteza vidole vitatu si jambo dogo. Lakini lililoniuma ni kwamba kiwanda chenu kilikuwa kimesimama tangu Mei ya mwaka jana, ukaenda kubahatisha kwenye kinu cha kuchambua pamba, mkanda ukakuchukua mkono, na muda wote huo ulikuwa unaniandikia "kazi inaendelea." Mimi huku nilikuwa nakulalamikia habari za choo kuinama.

Siku ya mwisho nilikwambia rudini nyumbani, ukajibu, "Siwezi kurudi kwa mdogo wangu nikiwa mzigo." Wifi akainama akaendelea kuchambua mchele. Nakujibu sasa.

Tuna cherehani tano. Mbili zimelala. Fundi wa mjini anakuja anapotaka, akiifungua inazunguka siku mbili inakwama. Jana Nashipae amemwambia asirudi tena. Sihitaji vidole kumi, nahitaji mtu akisikiliza mashine ajue inaumwa wapi, halafu amwelekeze kijana mwenye mikono amshikie bisibisi. Mahema nayo yanahitaji mtu wa kuyafuata huko yaliko, aone yanavyokaa juani na mvuani. Mimi siwezi kumwacha Mama kila mwezi. Nashipae ana watoto. Hii ni kazi, Muzammil. Kama ingekuwa huruma ningekuletea sukari.

Nimezungumza na Nashipae kabla ya kuandika, maana na yeye ni mwenye kazi. Alisema, "Alikuwa mkali sana kiwandani huyo." Nikamwambia bado ni mkali. Akasema, "Basi aje."

Nisalimie wifi yangu. Mwambie sikusema kitu.

Swabaha


Mwanza
30 Mei, 1998

Mdogo wangu Swabaha,

Salaam. Utanisamehe kwa mwandiko, huu ni mkono wa kushoto na bado unasoma chekechea. Sikutaka wifi yako aiandike hii. Na huyo wifi yako, najua alichoandika Februari. Nilikiona kabla sijalamba bahasha, nikaiacha iende.

Nilichelewa kukuambia kwa sababu nilikuwa nimekuita uje. Ungenisikiliza, ungefunga nyumba, ungefika huku na Mama ukakuta geti limefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimesema Arusha imekufa. Kila nilipotaka kuandika nilikuwa naiona picha hiyo. Basi, nimeshasema, usinirudishe hapo tena.

Nimekaa na Arafa siku kadhaa. Tunakuja. Lakini sikiliza masharti yangu, maana mimi bado ni mkubwa wako. Sitakaa kwa Mama. Mtafutie wifi yako vyumba viwili Levolosi au Kaloleni, karibu na shule. Pili, kazini mkubwa ni wewe na Nashipae, nikikosea niambiwe kama wengine. Tatu, nakuja kwa miezi mitatu kuangalia. Nikiona nakaa tu kupokea salamu, nitarudi Mwanza na hutanizuia.

Mwambie Mama.

Muzammil


Kambini, magharibi ya Serengeti
26 Julai, 1998

Mdogo wangu Swabaha,

Salaam kutoka porini. Dereva anaondoka baada ya chai, kwa hiyo nakuandikia haraka juu ya sanduku la kamba. Mimi ni mzima, nalala vizuri, na baridi ya huku ni ndogo kuliko ya Ngarenaro. Mpe Mama shikamoo, na Ummy mwambie pundamilia wapo wengi kama alivyotaka, ila hawakubali kupandwa.

Kazi kwanza. Mahema nane yapo vizuri. Mawili ya upande wa mto yamechoka paani kwa sababu ya jua. Nimeyakunja yarudi na lori hili, mkayabadilishe kitambaa cha juu, nguzo ni nzima. Zipu za madirisha ndizo zinazotuangusha, vumbi linaingia zinakwama. Nimewafundisha vijana wa hapa kuzisugua na kipande cha nta, wanafanya. Mwambie Nashipae pembe za chini ziwekwe kiraka cha ziada, fisi wawili wamekuja kuonja. Atasema ni kazi ya ziada. Mwambie alinishinda tulipobishana juu ya unene wa kamba, hili anikubalie.

Sasa mambo yangu. Jana mchana nyumbu walikuwa wanapita. Sikujua kwamba kitu kinaweza kupita kutwa nzima na kisiishe. Nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko na wahudumu wawili, vijana, wanamenya viazi. Mmoja alikuwa anamweleza mwenzake kwamba mahema haya yametoka Afrika Kusini, yameletwa kwa meli. Mwenzake anasema hapana, haya ni ya Uingereza, angalia ushonaji. Wakabishana kweli kweli. Nikawaambia, "Yametoka Ngarenaro." Wakanitazama wakacheka, wakafikiri mzee anatania. Nilichukua kisu, nikaanza kumenya viazi pamoja nao. Kwa kushoto sasa naweza, polepole.

Swabaha, sijakaa na watu nikacheka hivyo tangu mashine za Mwanza zisimame. Nilikuwa nafikiri kinachoniuma ni mkono. Mkono ulishapona zamani. Nilikuwa sina mahali pa kwenda asubuhi, na mtu asiye na mahali pa kwenda asubuhi anakuwa mkali hata kwa kuku.

Wifi yako ameniletea barua kwa mkono wa dereva. Anasema amepata meza sokoni, anauza dagaa wa Mwanza, na Waarusha wameanza kumzoea. Yupo mmoja anaitwa Simaloi anamletea maziwa na kuondoka na dagaa. Watoto wamepata marafiki, na mkubwa anataka kujifunza udereva na Kifaransa. Kifaransa, mdogo wangu, mtoto wa fundi mitambo. Nimemjibu ajifunze.

Lori linawashwa. Ukipita Levolosi mwone mwenye nyumba wetu, yule Mzee Sadoki. Alikuwa ananiuliza kila wiki kama vyumba avitangaze miezi mitatu ikiisha. Mwambie asivitangaze, na kama ana chumba cha tatu, tunakihitaji.

Kaka yako,
Muzammil